Nastaafu 55, NSSF nataka ingoje hadi 60: hiyo miaka mitano nile nini?

Mkaazi_Kasarani
Habari wadau. Nimeajiriwa kampuni binafsi Industrial Area, Nairobi. Natimiza 55 Novemba 2026 na nimepanga kuondoka Desemba. Skimu ya pensheni ya kazini, ambayo nilisajiliwa Aprili 2007, ina milioni 7.2. Sacco nina amana ya milioni 1.1. Silipi kodi ya nyumba, matumizi ni 85,000 kwa mwezi. NSSF sitaki kuigusa kabla ya 60. Je, theluthi ya pensheni inayolipwa kwa mkupuo, na ule mpango wa kuchota iliyobaki kidogo kidogo (income drawdown), vitanivusha?

HesabuKwanza
Kuvuka utavuka, dada. Shida iko ng'ambo ya pili.

85,000 kwa mwezi ni 1,020,000 mwaka wa kwanza. Chukua bei zinapanda 6% kwa mwaka (Benki Kuu inalenga 5%, ikiruhusu 2.5 juu au chini): mwaka wa tano unahitaji karibu 1,288,000, na jumla ya miaka yote mitano ni milioni 5.75. Wengi huzidisha mara 60 wakapata 5.1 na kuridhika.

Theluthi yako ni milioni 2.4, zinabaki 4.8. Kanuni za mpango wa kuchota: usipungue miaka 10, na kwa mwaka usizidishe 15% ya salio. Hilo neno "salio" ndilo linalowaponyoka watu. Mwaka wa kwanza 15% ni 720,000, yaani 60,000 kwa mwezi. Hata mfuko ukizaa 9%, salio linapungua, na mwaka wa tano utapata 44,000 hivi kwa mwezi wakati matumizi yamefika 107,000. Pengo la miaka mitano ni milioni 2.64, kwa hiyo mkupuo wote unaishia hapo na Sacco inaguswa kidogo. Ukifika 60 mfuko una milioni 3.28, na kikomo cha kuchota ni 41,000 kwa mwezi dhidi ya matumizi ya 114,000 hivi. NSSF haitaziba pengo hilo.

Kwa hiyo 15% ichukulie kama ukuta, usiifanye mshahara. Anza kula mkupuo, na kwenye mfuko chota kiasi kidogo tu kinachokubalika. Faida ndani ya skimu iliyosajiliwa haitozwi kodi, ilhali riba ya mfuko wa soko la fedha (money market fund) inakatwa 15% kabla hujaiona. Na hayo matumizi ya 85,000 yapitie upya mstari kwa mstari. Kila 10,000 unayopunguza ni 120,000 kwa mwaka ambayo mfuko hautoi.

Karani_wa_Skimu
Kabla ya hesabu zote hizo, dada, angalia tarehe zako. Sheria iliyoanza 27 Desemba 2024 imeondoa kodi kwenye mafao ukifikia umri wa kustaafu uliowekwa na kanuni za skimu, ukitoka kwa sababu ya ugonjwa, au ukitoa baada ya kutimiza miaka 20 tangu usajiliwe. Wewe unatimiza 20 Aprili 2027. Ukiondoka Desemba 2026 na kanuni zenu zinasema umri ni 60, unaweza kukatwa kodi ambayo miezi michache ingekuepushia. Muulize msimamizi wa skimu kwa maandishi, akujibu kwa maandishi: "Nikitoka tarehe fulani, malipo yangu yatahesabiwa kuwa ya kustaafu au ya kujitoa?" Jibu la simu halikusaidii baadaye.

Miezi iliyobaki, ongeza mchango wa hiari. Michango hadi 30,000 kwa mwezi, NSSF ikiwemo, haihesabiwi kwenye PAYE, kodi ya mshahara. Kama uko kwenye daraja la 30%, kila 1,000 unayoweka inakuokolea 300. Mfuko wa matibabu baada ya kustaafu una nafuu yake kando, hadi 15,000 kwa mwezi.

NSSF si lazima ingoje 60. Ukishastaafu unaweza kuidai kuanzia 50. Lakini chukua taarifa yako sasa uhesabu miezi iliyoruka. Kufuatilia michango ambayo haikuwasilishwa ni rahisi ukiwa bado mfanyakazi kuliko ukiwa nje ya geti.

BondiNaAmana
Sacco usiiweke kama pesa ya dharura. Amana hutoka ukijiondoa uanachama, kwa kawaida baada ya notisi ya siku 60, na haitoki kama bado umemdhamini mtu. Anza leo kuomba wadhaminiwa wako watafute wadhamini wengine. Hisa zenyewe hazirudishwi, unamhamishia mwanachama mwingine.

Sehemu ya mkupuo ambayo hutaitumia miaka miwili ya kwanza, fikiria hatifungani za miundombinu (bondi za serikali) kupitia DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu wa kuzinunulia mtandaoni. Kiwango cha chini ni 100,000, riba haina kodi na hulipwa kila miezi sita. Nunua mbili zenye miezi tofauti ya malipo, mfano Januari/Julai na Aprili/Oktoba, upate pesa kila robo mwaka. Usinunue ya miaka 15 kwa pesa utakayoihitaji ukiwa na 58: riba za sokoni zikipanda, ukiuza mapema kwenye soko la hisa utauza kwa hasara.

SHA, bima ya afya ya taifa, nayo iweke kwenye bajeti. Asiye na mshahara hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, si kila mwezi.

Mkaazi_Kasarani
Asanteni sana. Barua kwa msimamizi naandika leo, na mpango wa kuondoka Desemba nimeuacha; nahamisha tarehe hadi Mei 2027. Swali moja: nikiwa mimi mwenyewe sina mkopo wa kudhaminiwa lakini mmoja niliyemdhamini bado ana mkopo, Sacco inashikilia amana yote au kiasi nilichodhamini tu?

BondiNaAmana
Inategemea sheria ndogo za Sacco yenu. Waombe orodha ya dhamana zako ikiwa na kiasi na salio la kila mkopo, halafu uulize hilo mkiwa na orodha mezani.