Hereni za waya wa shaba: kitanzi kinaachia, waya unakatika

Binti_Shanga: Habari wakuu. Natengeneza hereni kwa waya wa shaba wa kebo za umeme, shanga za milimita 8, na kulabu za pakiti za bei ya chini. Kitanzi kinaachia shanga inadondoka, waya unakatika kwenye kona, na wateja wanalalamika masikio kuwasha. Waya wa unene gani unafaa, na kitanzi kinafungwaje?

Fundi Plaizi: Anza na unene. Kebo ya waya mmoja ya 1.5 mm² ina kipenyo cha karibu 1.4 mm, hiyo iachie bangili. Tafuta vipande vya kebo ya nyuzi 7: ya 2.5 mm² kila uzi una 0.67 mm, wa kuungia shanga. Ya 4 mm² una 0.85 mm, unatosha kulabu. Chuna ganda kwa wembe, usilichome, moshi wake ni sumu. Waya wa 0.5 mm wa kuzungushia umo kwenye kebo ya mtandao, ila nyingi za bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza: ukiona weupe ndani, tupa.

Kitanzi: acha 10 mm juu ya shanga. Kunja kwanza waya kwa pembe ya nyuzi 90 palepale unapotokea, halafu shika ncha kwa plaizi ya mdomo wa mviringo uiviringishe kurudi upande wa pili mpaka iguse shingo. Ukiruka ile kona, kitanzi kinakaa upande kama herufi P. Tia alama ya wino kwenye mdomo wa plaizi, vyote vitatoka saizi moja. Wakati wa kuunganisha, sukuma ncha pembeni, mbele au nyuma; ukiitanua, mviringo haurudi tena. Shanga ikiwa nzito acha 35 mm, zungusha shingoni mara 2 au 3, kata, bana ncha.

Mzee wa Tupa: Kwenye kukatika, dada, angalia plaizi yako. Ile ya mafundi umeme ina meno, inachubua waya, na penye mchubuko ndipo unapokatikia. Pia shaba inakakamaa kila unapoikunja. Ipashe kwenye jiko la gesi, mahali penye kivuli ili uone wekundu hafifu, kisha itumbukize majini. Haitakuwa ngumu kama chuma, italainika. Weusi unatoka kwa ndimu na chumvi.

Kulabu inataka kinyume chake. Kata 45 mm, kunja kwenye kalamu, halafu igonge kwa nyundo ya mpira juu ya chuma bapa ikakamae bila kubapa.

Binti_Shanga: Asanteni sana. Na kuwasha je? Nipake rangi ya kucha?

Mama Vidani: Rangi ya kucha inabanduka, usijisumbue. Kulabu nyingi za pakiti zina nikeli chini ya ule mng'aro, na ndiyo inayowasha. Kulabu za shaba pia sikubaliani nazo: jasho linatoa ukijani, na sikio lililotobolewa juzi lisiguswe nazo kabisa. Shaba ibaki kwenye shanga. Sikioni weka titani, au madini ya fedha ya 925 (asilimia 92.5 ni fedha halisi).

Ukikata kulabu mwenyewe, zungusha ncha kwa tupa, malizia kwa msasa laini, namba 600, kisha ipitishe kwenye soksi ya nailoni. Ikinasa, rudia msasa.