Kama Mungu yupo kila mahali, tunamkaribisha atoke wapi?

MLETA MADA
Wakuu, salaam. Jumapili iliyopita kiongozi wa sifa alitusimamisha karibu dakika ishirini: "Karibu Roho Mtakatifu, shuka mahali hapa!" Mwanangu wa darasa la tano akanivuta shati: "Baba, si mwalimu wa shule ya Jumapili alisema Mungu yupo kila mahali? Sasa anatoka wapi?" Nikamwambia nyamaza, tunaomba. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu.

Nimelala nalo wiki nzima, na sasa naona mtoto ana haki. Zaburi 139 inauliza, "Niende wapi niukimbie uso wako?" Juu mbinguni yuko, kuzimu yuko. Anayekaribishwa ni mgeni, na Mungu si mgeni popote. Kwa hiyo nasema maombi ya "shuka" ni makosa ya imani, hata kama yana kinanda kizuri. Leteni hoja, matusi wekeni pembeni.

MLOKOLE WA KUSINI
Mkuu, umesoma Zaburi ukaruka 1 Wafalme 8. Sulemani anafungua hekalu, wingu linajaa ndani mpaka makuhani wanashindwa kusimama wahudumu. Muda si mrefu, katika sura hiyohiyo, anaomba na kukiri kwamba hata mbingu za mbingu hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba aliyoijenga. Mtu yuleyule, siku ileile! Hakuona mgongano. Mungu kuwapo ni jambo moja, kujidhihirisha ni jingine. Tunaposema "uwepo umeshuka" hatumaanishi alikuwa Nairobi akapanda basi.

MLETA MADA
Hapo umenigusa. Lakini basi tuseme "jidhihirishe", tusiseme "shuka".

MWALIMU WA LUGHA
Mimi nasimama kwenye viambishi. Kiswahili kina yupo, yuko na yumo. Yupo ni pale mahali panapojulikana, yuko ni huko kusikobainishwa, yumo ni ndani. Biblia ya 1952 kwenye Zaburi hiyo imeandika "Wewe uko". Hatari inaanza tukisema Mungu *yumo* katika kila kitu. Yumo kwenye jiwe, kwenye mbuyu, kwenye sufuria? Hatua moja zaidi, jiwe lenyewe ni Mungu. Hiyo ndiyo panteizimu: ulimwengu na Mungu kuwa kitu kimoja. Kanisa limeikataa tangu zamani, maana Muumba si kiumbe.

Paulo kule Athene, Matendo 17:28, aligeuza sentensi: "ndani yake yeye tunaishi". Wenye kuwamo ni sisi.

KATEKISTA
Mwalimu, Mtakatifu Augustino alipita njia hiyo. Anasimulia katika kitabu chake, Maungamo, kwamba zamani alimwaza Mungu kama bahari isiyo na mwisho, na ulimwengu kama sponji iliyozama ndani yake, imelowa kote. Baadaye akaona upuuzi wa kumfikiria Mungu kama kitu kilichotandazwa: kwa hesabu hiyo tembo angekuwa na Mungu mwingi kuliko shomoro! Mungu hagawanyiki vipandevipande. Popote alipo, yupo mzima.

Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, akapanga vizuri: Mungu yupo kila mahali kwa uweza wake, kwa kuwa vyote viko wazi mbele ya macho yake, na kwa kuwa ndiye anayevipa vyote kuwapo sasa hivi. Hilo la tatu ndilo zito. Akiliachilia jiwe, jiwe halipo.

Na bado kwetu Wakatoliki tunapiga goti mbele ya tabernakulo, kisanduku kinachotunza Ekaristi, penye taa nyekundu. Stendi ya daladala Mungu yupo pia, ila sijaona mtu akipiga goti pale (labda gari la mwisho likiondoka).

MLUTHERI WA MLIMANI
Katekista umefungua jeraha. Oktoba 1529, Marburg, Ujerumani, Luther na Zwingli, viongozi wawili wa Matengenezo ya Kiprotestanti, waliafikiana hoja 14 kati ya 15, wakakwama kwenye meza ya Bwana. Zwingli: Kristo amepaa, mwili wa kweli unakaa mahali pamoja, kwa hiyo haumo kwenye mkate. Luther aliandika kwa chaki mezani, kwa Kilatini, "Huu ndio mwili wangu", akagoma kusogea. Kwake mkono wa kuume wa Mungu si kiti fulani huko juu. Ni uweza wake, na uweza huo uko kila mahali. Warithi wao waliendelea kuvutana; makanisa mengi ya pande hizo mbili Ulaya yalikubali kushiriki meza moja mwaka 1973 tu.

JIRANI MUISLAMU
Napita tu. Kwetu nako wanavutana: Allah yuko juu ya Arshi (kiti chake cha enzi), na Qur'ani 50:16 inasema yuko karibu kuliko mshipa wa shingo. Masheikh wengi watakukatalia "yupo kila mahali"; watasema ni elimu yake iliyoenea kote. Naona mkiulizana maswali yetu.

MLOKOLE WA KUSINI
Karibu sana jirani. Nami niongeze: kuna watu wanasema shetani yuko kila mahali. Someni Ayubu 1:7, anasema ametoka kuzunguka-zunguka duniani. Anayezunguka ana mahali alipo na mahali asipokuwepo. Tunampa sifa isiyo yake.

MAMA WA VIWAWA
Na jehanamu je? 2 Wathesalonike 1:9 inasema waovu watatengwa na uso wa Bwana. Ufunuo 14:10 inasema watateswa mbele za Mwana-Kondoo. Yupo au hayupo?

MLETA MADA
Mama, kwa hoja ya Katekista lazima awepo, la sivyo jehanamu yenyewe isingekuwapo. Kinachokosekana ni uso, yaani fadhili. Nikikubali hivyo nimejifunga mwenyewe: kama uso unaweza kukosekana mahali Mungu alipo, basi pia unaweza kuombwa mahali Mungu alipo. "Shuka" naifuta kwenye orodha ya makosa, shingo upande. Ila dakika ishirini bado nazipinga. Mtoto nitamweleza leo jioni. Mwalimu, niazime ile ya tembo na shomoro… samahani, ni ya Katekista.