Huyu mheshimiwa wa ratiba KANIPUNGIA MKONO akiwa ndani ya basi, Hakone. Leo sinyamazi!

Chumvi ya Pangani (mleta uzi)

Wakuu, leo sina salamu. Niko kwenye treni narudi Saitama, nanuka salfa toka nywele mpaka soksi, naandika kwa dole gumba moja maana mkono wa pili umeshika kishikio.

Mnamjua, yule anayetuongoza kwenye safari zetu za matembezi. Jina sitaji, sitaki kesi, lakini kila Mswahili aliyewahi kula pilau la Idi Tokyo anamjua. Kizibao cha mifuko kumi na minne. Kibendera cha kijani. Ratiba iliyopigwa laminesheni. Ndiyo, huyo huyo.

Leo kanipungia mkono.

Basi limejaa, yeye yuko ndani, mimi niko nje, mlango umefungwa, na ananipungia mkono. Tena si ule wa kuomba radhi. Ni ule wa "haya bwana, Mungu akipenda tutaonana".

Ngoja nianze mwanzo, ingawa mwanzo wenyewe ulishavunda. Safari ni ya Hakone, kule milimani kwenye volkano na maji ya moto, si mbali na Tokyo. Stesheni ya Shinjuku, Tokyo, tukasema tupande Romancecar, ile treni ya haraka ya siti maalumu, unakaa kwako, saa moja na nusu haijatimia uko Hakone-Yumoto. Bwana mkubwa akasema pasi ya Hakone haijumuishi nyongeza ya Romancecar. Sawa, ni kweli haijumuishi. Tukasimama Shinjuku mpaka Odawara, makwapa ya watu usoni. Yeye kakaa. Hicho kiti alikipata wapi? Muulizeni.

Yumoto tukapanda kile kitreni cha mlimani kinachokwenda Gora. Panapopanda kweli kweli, kila mita 100 za mwendo kinainuka mita 8. Sasa kikafika mahali kikasimama. Dereva akashuka na vitu vyake, akatembea mpaka nyuma, kondakta naye akaja mbele, wakapishana, halafu treni ikaanza kwenda kinyumenyume. Nikauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Imeshindwa kupanda?" Mtu yeyote aliyewahi kupanda basi la mkoani kwetu angeuliza hivyo! Bwana mkubwa akageuka akalitangazia behewa zima: "Jamani, huyu anadhani tunarudi Tokyo!" Akaona haitoshi, akawatafsiria na Wajapani. Kuna bibi alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Kumbe reli imejengwa zigizaga, treni inageuza mwelekeo mara tatu mpaka juu. Sasa si angeniambia tu?

Tukapanda vibehewa vya waya mpaka Owakudani, lile bonde la volkano linalofuka gesi ya salfa, nikanunua mayai meusi, kwa hela yangu. Yanachemshwa kwenye maji ya volkano, chuma na salfa vinalifanya ganda kuwa jeusi tii, ukimenya ndani ni yai la kawaida kabisa. Wenyewe wanasema ukila moja unaongeza miaka saba ya kuishi. Bwana mkubwa akala matatu. MATATU, katika yangu. Yaani miaka ishirini na moja ya ziada ya kutusumbua, na nimeilipia mimi.

Meli ya watalii ziwani, ile iliyoundwa kama ya maharamia, sina la kusema. Upepo tu.

Sasa njooni Moto-Hakone, ukingoni mwa ziwa. Lile lango jekundu la Hekalu la Hakone linalosimama majini, torii, mnalijua, foleni ya kupiga picha wikiendi unaweza kuzeekea pale. Ratiba ikatupa dakika kumi na mbili. Nikapiga yangu, nikakimbilia kituoni. Basi limeshafika, wenzangu wameshaingia, yeye kasimama mlangoni anahesabu vichwa. Nimebakiza hatua mbili. Ananiona. Nasema ANANIONA, tumetazamana! Akasema, "Wewe subiri linalofuata, si una pasi," akajivuta ndani, mlango ukafunga. Mabasi ya huku hayakurupuki, yanaondoka pole pole, kwa hiyo nilipata muda wa kutosha kumwona dirishani. Mkono wa kushoto unapunga. Mkono wa kulia umeshika yai langu.

Linalofuata likaja, rangi nyingine. Nikaonyesha pasi. Dereva kaiangalia, kainamisha kichwa kwa adabu zote, halafu akapishanisha mikono kifuani: X. Kumbe mlima ule una kampuni mbili za mabasi zinazopita njia moja, na pasi yetu ni ya upande mmoja tu. Mtu mwenye ratiba ya laminesheni hilo halijui? ALIJUA! Nikakaa na kile kikaratasi chenye namba mkononi, naangalia bei kwenye kioo cha mbele inavyopanda kituo hadi kituo, na magari yamejipanga barabara nzima hayasogei.

Tunapita Yumoto, simu inalia. Picha kwenye kundi. Wameketi wameloweka miguu kwenye maji ya moto, suruali zimekunjwa magotini, na yeye katikati anatabasamu. Sikushuka. Nimekwenda moja kwa moja Odawara.

Swali langu ni moja tu. Kuniacha, sawa. Mkono wa nini?

Mzee wa Siti ya Nyuma

Nimewahi mapema. Mwenye karanga asogee.

Bibi Harusi Mstaafu

Foleni ya kuzeekea, kwa dakika kumi na mbili? Mkuu hii chai, tena ya maziwa na tangawizi.

Chumvi ya Pangani

Sikupanga foleni, nilipigia pembeni juu ya mabega ya watu. Picha ina torii nusu na kofia ya mtu. Tusitoke kwenye mada, mtu KANIPUNGIA MKONO.

Dada wa Yokohama

Mimi nilikuwa ndani ya hilo basi. Hatua mbili zipi? Kaka yangu ulikuwa ng'ambo ya barabara na aiskrimu mkononi, unasubiri taa iwake kijani.

Chumvi ya Pangani

Aiskrimu inahusiana nini na kupungiwa mkono?

Mzee wa Siti ya Nyuma

Nimecheka kwenye kikao cha watu. Dada, lakini mkono alipunga kweli?

Dada wa Yokohama

Alipunga, siwezi kusema uongo. Na lile yai lilikuwa la mwisho. Tukamwambia mwachie mwenyewe, akasema "atanunua jingine", akalimenya palepale, harufu basi zima mpaka Yumoto.

Chumvi ya Pangani

MMEONA?

Kifaranga cha Temeke

Mimi huyo bwana aliniacha Gora. Kisa nilikwenda msalani. Kurudi nakuta kanibandikia karatasi kwenye nguzo: "Tumetangulia." Alikuwa ameshaiandika kabla, wakuu. Anatembea nazo.

Mwalimu wa Zamu

Mleta mada, hilo la pasi wala usimlaumu yeye. Miaka ya 1950 na 1960 makundi mawili makubwa ya reli yaligombania watalii wa Hakone kama mafahali, Wajapani wenyewe wanauita Vita vya Mlima Hakone. Mmoja alikuwa na barabara yake ya kulipia, akawazuia mabasi ya mwenzake kupita, wakafikishana mahakamani. Yule aliyezuiwa akasema basi, nitapita angani. Ndipo vile vibehewa vya kuning'inia kwenye waya mlivyopanda leo vilipojengwa, vikafunguliwa 1959 na 1960. Ule X wa dereva una historia.

Chumvi ya Pangani

Mwalimu, nashukuru kwa somo. Na mkono nao una historia?

Mwalimu wa Zamu

Mkono ni tabia yake tu.

Chapati Nane

Nyinyi mnalia kuhusu basi, sisi Wakenya tunakimbia njia hiyo kwa miguu. Mbio za Hakone Ekiden, Januari 2 na 3, Tokyo mpaka ziwani na kurudi, vyuo vikuu vinapokezana. Joseph Otwori wa Yamanashi Gakuin aliingia 1989, akapita watu mpaka wakashindwa kuhesabu. Mleta uzi angekuwa Mkenya angelifikia hilo basi.

Mwalimu wa Zamu

Otwori alikimbia kipande cha pili, Tsurumi mpaka Totsuka. Mlima ni kipande cha tano. Usituuzie mbuzi kwenye gunia.

Chapati Nane

Na wewe ulikimbia kipande gani?

Bibi Harusi Mstaafu

Cha mlimani si amekimbia mleta uzi, aiskrimu mkononi, akazidiwa na taa nyekundu.

Chumvi ya Pangani

Haya.

Mke wa Mhandisi

Hakone mnajisumbua bure. Sisi tulikwenda Beppu, mji mwingine wa maji ya moto hapa Japani, na wifi yangu, naye ana ratiba yake kichwani. Beppu zile chemchemi za kutazama, wanaziita jehanamu, tano ziko Kannawa na mbili ziko mbali, lazima upande basi. Wifi akasema tutembee, "si hapo tu". Jua la Agosti, mtoto mgongoni. Tunafika, ile inayoruka juu ndiyo kwanza imemaliza kuruka. Unaambiwa ukae nusu saa na ushee mpaka iruke tena. Wifi akasema hana muda, turudi. KWA MIGUU. Mpaka leo hatusemeshani vizuri.

Kifaranga cha Temeke

Shemeji, huyo wifi na yule bwana wa kibendera waozeshwe haraka.

Tumbo Joto

Mie kilio changu ni tatuu, maana mabafu mengi ya maji ya moto hapa Japani hayazitaki. Nina kijichoro cha nanga begani, cha ujana wa Tanga, hakizidi sarafu. Nimevua, nimekaa kwenye kile kigoda, nimejisugua kabla ya kuingia inavyotakiwa, kitaulo nimekiweka kichwani, sijakitia majini. Najua adabu zote! Mhudumu akaja, akainama, akanipa plasta. Nikabandika. Kuingia kwenye maji ya moto, plasta ikabanduka ikaelea mpaka kwa babu mmoja. Nilitoka bila kuambiwa.

Mzee wa Siti ya Nyuma

PLASTA IKAELEA. Huu ndio uzi wa leo, ule wa mkono ufungwe.

Chumvi ya Pangani

Usifungwe! Kwanza hamjanijibu.

Pumzi Kidogo

Samahani wakuu, nina pumu na wikiendi ijayo nimealikwa huko huko, na huyo huyo wa kibendera. Owakudani nitaweza?

Dada wa Yokohama

Usipande. Matangazo yapo kila mahali, mwenye pumu, mwenye moyo na mjamzito wanaambiwa wakae mbali na ile gesi. 2015 volkano ilipochachamaa walipafunga kabisa. Bora uzungukie kwa basi. Angalia rangi tu kabla hujapanda.

Pumzi Kidogo

Nikizunguka kwa basi si ataniacha?

Dada wa Yokohama

Atakuacha.

Kifaranga cha Temeke

Na atakupungia.

Chapati Nane

Mayai ya kuongeza miaka! Sisi Ziwa Bogoria unachemsha yako mwenyewe kwenye chemchemi, umetoka nayo nyumbani, na hakuna anayekudanganya kuhusu umri. Shida ni kufika. Matatu inakuacha Marigat, kutoka hapo mpaka geti la Loboi ni boda, na wa boda akiona begi mgongoni bei inapanda kuliko kitreni chenu.

Tumbo Joto

Afadhali hayo yanachemsha yai. Sisi tuna Chemka pale Kilimanjaro, kwa Kizungu wameyaita maji ya moto, nikajitosa kwa mbwembwe. Meno yaligongana.

Mke wa Mhandisi

Maji yale si ya moto, kila mtu anajua. Unakwenda kwa ajili ya kuogelea na ile kamba ya kurukia.

Tumbo Joto

Kila mtu nani? Mie nilitoka Tanga na kitaulo cha kichwani!

Chumvi ya Pangani

Jamani. Mkono.

Mzee wa Siti ya Nyuma

Mkuu tumekusikia, pole. Hivi Boma Ng'ombe mpaka Chemka pikipiki siku hizi wanachukua ngapi?

Tumbo Joto

Inategemea umevaa nini.