Naomba ushauri: namtafuta baba yake babu kwenye kumbukumbu za zamani

Wakuu, naombeni msaada. Baba yake babu aliishi kaunti ya mashambani, na nilichonacho ni cheti cha ubatizo tu, kimeliwa na mchwa. Mwaka unasomeka 19, tarakimu mbili za mwisho zimekwenda. Jina la ukoo karani kaliandika juu hivi, chini vile, sijui alikuwa anasikia nini! Ofisi ya kaunti wanasema rejesta za wakati huo ziliungua. FamilySearch, ile tovuti ya kutafuta kumbukumbu za ukoo, ni bure, nimejaribu, ila picha nyingine za rejesta hazifunguki mpaka uende kwenye vituo vyao. Sasa nianzie vitabu vya parokia, daftari za ardhi au makaburini? Na aliyewahi kumwandikia paroko, ulijielezaje hadi akakubali kufungua kabati?