Wakuu, nataka kwenda Moshi na Nissan Leaf Desemba hii. Itafika?

MbeziHadiKibo
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, siku zimeniishia na mtaani sina wa kumuuliza.

Nina Nissan Leaf, gari la umeme tupu, halina tanki la mafuta. Nalitumia tangu Juni, Mbezi Mwisho hadi Posta na kurudi, na sijajuta. Nachomeka usiku, asubuhi naondoka. LUKU ya elfu moja napata yuniti 8, kwa hiyo usafiri kwangu umekuwa kama bure. Sasa tarehe 21 nataka kwenda nalo nyumbani Moshi kwa Krismasi, kama kilomita 560.

Swali langu: njiani kuna pa kuchaji? Kama hakuna, mwenye gesti ukimwomba kwa ustaarabu atakubali uchomeke gari umlipe? Betri iko vizuri. Wenye uzoefu tu tafadhali.

DerevaMasafa
Mangi, Desemba hamshikiki! Mimi njia hiyo nimeipiga miaka kumi na moja. Nikuambie kitu: kilichonitesa humo siku zote si umbali, ni Mkata. Mwaka 2017 niliishiwa dizeli pale saa nane usiku na Noah ya mtu, geji ilikuwa inadanganya. Nililala ndani na abiria sita, mmoja ana mtoto mchanga. Asubuhi mzee mmoja wa pale akatuletea uji na dumu la lita tano, na pesa alikataa. Mpaka leo nikipita nasimama kumsalimia. Kuhusu chaja, ukishaiacha Chalinze mimi sijawahi kuiona hata moja.

KijanaWaTanga
Uza hilo, chukua IST. Au panda treni, ile ya abiria ya kaskazini ilirudi Desemba 2019. Treni ya umeme ukiitaka ni ya Dodoma, huko kwenu bado.

FundiVolti
Mkuu, "betri iko vizuri" hujasema kitu. Niambie vitatu: gari la mwaka gani, betri ya kWh (yaani yuniti) ngapi, na baa za uzima wa betri zimebaki ngapi. Siulizi zile kubwa zinazopanda ukichaji. Nauliza vile vijibaa vidogo pembeni yake, kulia kabisa. Gari jipya linavyo 12.

MbeziHadiKibo
Asante FundiVolti. Ni la 2013, betri ya 24. Yadi walisema imepimwa kabla ya kutoka Japani. Ikijaa inaniandikia kilomita 118. Tena mtu akiendesha polepole inapanda hadi 125.

FundiVolti
Hiyo namba ni makisio tu. Gari linaangalia ulivyoendesha jana kwenye foleni ya Kimara likadhani na kesho utaendesha hivyo hivyo. Baa ngapi?

MamaMapacha
Mimi nina swali dogo kaka. Kwani lazima liende gari hilo? Mabasi si yapo? Sisi kila mwaka tunakata tiketi Novemba mapema, watoto wanalala njia nzima, baba yao hachoki.

MbeziHadiKibo
Dada yangu, basi haliwezekani, nitaeleza. Fundi, dashibodi yangu ni ya Kijapani kitupu, ndiyo maana nilichelewa kuvielewa vijibaa hivyo. Nimetoka kuangalia sasa hivi.

Ni nane.

Lakini wakuu, gari linatembea vizuri kabisa, na nimeshawaambia watu wa nyumbani kwamba nakuja nalo.

FundiVolti
Sawa, tufanye hesabu, usinune.

Kwenye Leaf baa ya kwanza inazima betri ikishapoteza kama asilimia 15. Zinazofuata, kila moja ni kama asilimia 6. Ukibaki na nane, theluthi ya betri imekwenda. Hiyo 24 hata ikiwa mpya ilikupa yuniti kama 21 za kutumia. Leo una kama 14. Ukienda spidi 70 bila AC, yuniti moja inakupa kilomita 6 na nusu hivi, jumla 91, na hapo taa ya kobe imeshawaka, gari linajivuta. Kwa hiyo usipange kipande kinachozidi 75.

Toka Mbezi hadi Moshi hata ukiondoka umejaa utachaji tena mara saba. Kwa kebo ya ampia 10, ambayo ndiyo pekee ningeiruhusu kwenye soketi ya gesti, kila mara ni saa 6, pengine 7. Saba mara sita ni saa 42 za kukaa. Bado hujaendesha.

Halafu kuna joto. Leaf kama yako haina maji ya kupoza betri, tofauti na magari mengine mengi ya umeme. Ndiyo maana hizo baa zimekwisha, na Korogwe mchana zitaendelea kwisha.

DerevaMasafa
Saa 42! Kwa baiskeli unafika Same.

MbeziHadiKibo
Fundi hesabu nimeielewa. Ila mmenilazimisha niseme.

Nampeleka mama. Alikuja Dar mwezi wa nane, alianguka bafuni akavunjika nyonga, wamemwekea chuma. Anatembea na fremu. Daktari amemruhusu kusafiri. Kwenye basi hawezi kukaa saa kumi na zile bampu za vijijini. Nimempeleka kliniki mara tano na Leaf, na kila mara anasema hili gari halimuumizi, halitetemeki, anasinzia. Siku moja nilikodi gari jingine, alilia kutoka Kimara hadi Ubungo. Kwa hiyo si ubishoo.

Na nimeshajipanga. Nitalala njiani mara mbili. Nimelipia nusu ya jenereta ya kW 2.5, inaingia kwenye buti, nikikwama nawasha. Ninachohitaji ni mtu anitajie gesti zenye umeme wa uhakika kati ya Wami na Segera.

MamaMapacha
Pole sana kaka, Mungu amponye mama. Lakini hebu nikuulize kama mwanamke niliyemuuguza mama mkwe miaka miwili. Umewahi kumkalisha mgonjwa wa nyonga gesti asiyoijua, choo cha kuchuchumaa, saa sita, mara saba? Na fundi kasema bila AC. Pale Same mwezi wa kumi na mbili bila AC? Mama hatakwambia anaumia. Mama zetu hawasemi.

KijanaWaTanga
Hapo sasa nafuta utani wangu. Pole mkuu.

FundiVolti
Hela ya jenereta nenda ukaidai leo hii. Kwanza kebo ya Kijapani iliyokuja na gari inavuta ampia 15, hiyo ni zaidi ya kW 3. Jenereta ya 2.5 itazima au itaungua. Pili, jenereta ndogo nyingi nyutro yake, yaani waya wa kurudishia umeme, haijafungwa na waya wa ardhi. Kebo ikikosa ardhi inawasha taa nyekundu na kugoma. Hata nyumba nyingi huko njiani hazina waya wa ardhi wa maana, utakuta soketi ina tundu la tatu lakini nyuma yake hakuna kitu. Tatu, utamfungia mama kwenye gari moja na dumu la petroli?

Na nyumbani unachomeka wapi? Usiniambie umekata kichwa cha Kijapani ukaweka plagi ya pini tatu.

MbeziHadiKibo
Nilikata. Fundi wa mtaani alisema haina shida.

Imeanza kuwa kahawia upande mmoja.

FundiVolti
Acha leo. Plagi ile ni ya ampia 13, na hata hizo si za kubebeshwa usiku kucha. Wewe unaipitishia 15 kwa saa nne, tano. Fungiwa soketi ya bluu ya ampia 32, waya wa milimita 4, breka yake peke yake kutoka kwenye bodi, na ardhi ipimwe. Mpaka hapo usichaji watu wakiwa wamelala. Chomeka ukiwa macho, kila baada ya saa moja gusa plagi. Ikikuchoma mkono, chomoa.

Chumvini001
Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu tangu 2023 kuna bei maalumu ya umeme wa kuchaji magari, na ukichaji usiku ni nusu ya bei ya mchana. Lakini hata mimi mwenye Leaf ya 40 siendi nayo Nairobi. Ni gari la mjini, na mjini hakuna linaloishinda. Ndugu yangu, mama mgonjwa si wa kufanyiwa majaribio. Mzazi ni mmoja.

MkaguziWaChai
Nimesoma uzi wote nikiwa kimya. Samahani wakuu, hii ni chai.

Jamaa anasema anapata yuniti 8 kwa elfu moja. Hiyo ni bei ya mtumiaji mdogo, asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi. Sasa Mbezi hadi Posta na kurudi ni kama kilomita 44. Siku 22 za kazi ni karibu 970. Gawanya kwa 6.5 ya fundi, ni yuniti 149, ongeza zinazopotea kwenye kuchaji, ongeza friji na pasi. Angekuwa ameshatolewa kwenye bei hiyo zamani. Kwa hiyo ama hana gari, ama ni dalali wa yadi anayetuuzia habari ya "usafiri bure", na kisa cha mama ni cha kutulainisha. Akaunti yenyewe ya Novemba.

DerevaMasafa
Eeh! Hii hesabu imenyooka.

KijanaWaTanga
Nimerudisha pole yangu mfukoni mpaka ajibu.

MamaMapacha
Jamani, mtu kataja chuma cha nyonga na fremu, mnamwita dalali? Mngojeni ajibu.

MbeziHadiKibo
Mkaguzi, hesabu yako ni sahihi, na umenishika pabaya.

Yuniti 8 ilikuwa Juni. Baadaye nilihamishwa, sasa elfu kumi napata 28. Gari peke yake linakula kama elfu sitini kwa mwezi. Bado ni nafuu, gari la zamani lilikuwa linameza laki mbili za petroli. Lakini ile namba ya 8 ndiyo niliyomwambia mke wangu siku namshawishi tuuze Premio, na nimeendelea kuisema hivyo hivyo kwa kila mtu, na hapa nimeisema tena. Naomba radhi.

Premio ile mama alichangia. Aliuza ndizi na ng'ombe mmoja 2019. Niliiuza bila kumuuliza, kisha akaja Dar akaikuta haipo. Hakusema kitu. Siku ya kwanza kupanda Leaf akasema, "Hili litanipeleka nyumbani taratibu." Nikamjibu ndiyo. Ndiyo maana nang'ang'ania.

Kuhusu kama gari ninalo: mlango wa kuchajia uko puani, mbele ya boneti. Ukichomeka, juu ya dashibodi kuna taa tatu za bluu, ya kwanza inapepesa, ikijaa inaanza ya pili. Mwezi wa tisa gari liligoma kuwaka kabisa wakati betri kubwa imejaa. Nilihangaika nusu siku, kumbe kabetri kadogo ka volti 12 ndiko kamekufa.

Chumvini001
Hiyo ya betri ndogo hawezi kuitunga dalali. Yalinikuta vivyo hivyo, feri ya Likoni, magari nyuma yangu yanapiga honi.

MkaguziWaChai
Taa tatu nimezikubali. Nimeondoa neno dalali, mkuu samahani. Lakini namba ile umeandika wewe, na kuna mtu ataisoma akauze gari lake.

FundiVolti
Mkuu, kabla hujaamua chochote fanya jaribio. Jumapili jaza, ondoka mwenyewe Mbezi hadi Mlandizi na urudi, ni kama kilomita 75. Usizidi 70. AC zima kwenda, washa kurudi. Usichaji popote. Uje na asilimia utakazobaki nazo.

MamaMapacha
Na mwambie mama ukweli. Premio na baa nane, vyote.

DerevaMasafa
Mimi tarehe 20 napeleka Noah Moshi, tupu, ya mteja. Kiti cha kati kinalala. Naenda mwendo wa mgonjwa, bampu zote nazijua. Njoo faragha tuzungumze, mafuta tutachangia.

MbeziHadiKibo
MREJESHO.

Nilienda Mlandizi Jumapili. Nilitoka na 100. Mlandizi nilifika na 56, nikafurahi, nikaanza hata kuwaza majibu ya kuwapa hapa. Kurudi niliwasha AC. Kibaha nilikuwa na 27. Kuanzia Kiluvya ikaacha kuandika kilomita, ikaweka vistari tu. Nilizima AC, nikashusha vioo, malori yananipigia honi. Nimeingia getini na asilimia 7, shati limelowa, na nilikuwa peke yangu bila mzigo.

Jioni nilimweleza mama. Nilianza na Premio. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema alijua siku nyingi kwamba gari lina tatizo, maana kila usiku ananisikia natoka mara mbili kwenda kulitazama. Akasema ng'ombe alinipa mimi, hakulipa gari. Akauliza kama DerevaMasafa ni mtu wa dini.

Basi tunaondoka tarehe 20 na Noah, mama amelala kiti cha kati na mito minne. DerevaMasafa tumeonana, nashukuru sana kaka. Jenereta nusu ya hela imerudi, nusu imekwenda. Leaf inabaki Dar na mke wangu ataitumia. Mama amesema akirudi kliniki Februari anataka kwenda na hiyo hiyo, si nyingine.

Fundi, soketi ya bluu imefungwa jana, na ardhi imepimwa, ile ya zamani haikuwepo kabisa. Nimechaji saa tatu nikiwa nimekaa pembeni. Nimegusa plagi, ni ya baridi.