Kaseti za ndoa ya wazazi: picha inaingia bila rangi, naomba ushauri

Binti wa Nyawera
Jambo ndugu zangu. Niko Bukavu. Baba alituachia kaseti 6 za VHS: ndoa yao, ubatizo wa kaka zangu, sikukuu za nyumbani. Alishafariki, na sauti yake imebaki humo tu. Nataka kuziingiza kwenye kompyuta nikate vipande vya ndoa, mama avitazame Noeli watoto wote tukiwepo.

Nina deki ya mjomba na kile kifaa cha USB chenye nyaya tatu, njano, nyekundu na nyeupe. Sauti safi, lakini picha ni nyeusi na nyeupe, wakati kwenye televisheni ya mjomba rangi zipo! Tena jana umeme ulikatika nikiwa dakika ya 40, na ile faili ya MP4 haifunguki. Halafu kaseti moja ina vumbi jeupe kwenye utepe. Niijaribu?

Yaya Kadutu
Hiyo ya vumbi usiitie ndani ya deki, dada! Huo ni ukungu. Utashika vichwa vya deki, kisha utahamia kaseti zote. Ifunge peke yake, iweke pakavu, mpaka umpate anayejua kusafisha utepe.

Papa Junior
Mimi nilielekeza simu kwenye televisheni nikarekodi. Ilitosha.

Fundi wa Kaseti
Papa, kwa heshima, kwa sauti ya marehemu mimi siwezi kushauri hivyo. Simu itachukua na kelele za chumba.

Dada, deki yako ni nzima. Kaseti nyingi za zamani nilizoshika huku ni za SECAM, mfumo wa rangi za video wa Ufaransa, na kifaa chako nadhani kinasubiri PAL, mfumo mwingine. Televisheni ya mjomba inatambua mfumo yenyewe, ndiyo maana rangi zinaonekana. Fungua mipangilio ya kifaa ndani ya programu ya kurekodia, palipoandikwa PAL, NTSC, SECAM, uchague SECAM.

Kuhusu umeme: MP4 ikikatwa kabla ya kufungwa vizuri, mara nyingi haifunguki tena. Rekodi kwa OBS, programu ya bure ya kurekodia, ukichagua faili ya aina ya MKV. Umeme ukienda, kilichokwisha kuingia kinabaki. Baadaye OBS yenyewe inaigeuza kuwa MP4. Na kabla ya kurekodi, peleka kaseti mbele hadi mwisho, uirudishe, utepe ujinyooshe.

Binti wa Nyawera
Rangi zimekuja!! Kitenge cha mama ni cha kijani, sikuwahi kujua. Aksanti sana yaya, aksanti fundi. Ila watu wakicheza, pembeni mwao kunatokea mistari kama meno ya kitana.

Fundi wa Kaseti
Ndivyo VHS inavyoandika picha, nusu mistari kwanza, nusu baadaye. Kwenye programu ya kukatia video, Shotcut au Kdenlive, washa "deinterlace", itapungua. Lakini faili ya kwanza usiiguse: inakili kwenye diski mbili, ukate kwenye nakala.

Binti wa Nyawera
Nimeelewa. Kesho naanza ya pili, ile ya ubatizo.