Y kubwa kwenye fomati ya tarehe imetutia hasara, na tukilalamika tunaambiwa "someni maelezo"

Wakuu, nina hasira na nitaandika hivyo hivyo.

Niko Arusha, natunza mfumo wa buking wa kampuni moja ya utalii. Mwisho wa Desemba, vyumba hakuna hata cha dawa, dereva anapiga simu kutoka Karatu: mapokezi wamekataa vocha. Wageni wanalala usiku wa tarehe 29 Desemba 2025, vocha inasema 29 Desemba 2026. Wazee wa watu wamejaa vumbi la njiani, wamekalishwa kwenye makochi huku sisi tukihaha ofisini. Vocha za tarehe 27 ziko sawa, za Januari ziko sawa. Hizo za katikati tu ndizo zimeruka mwaka mzima.

Chanzo: fomati, yaani herufi zinazoiambia programu iandikeje tarehe, ina YYYY badala ya yyyy. Kwenye maktaba ya programu tunayotumia (msimbo ulioandikwa tayari na wengine) y ndogo ni mwaka wa kalenda, Y kubwa ni mwaka wa wiki, yaani mwaka ambao wiki nzima inahesabiwa kuwa ni wake. Kwa ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha tarehe, wiki huanza Jumatatu, na wiki ya kwanza ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya mwaka. 1 Januari 2026 ni Alhamisi, kwa hiyo Jumatatu tarehe 29 Desemba tayari ni wiki ya 1 ya 2026. Hesabu hiyo siipingi.

Ninachopinga ni maelezo ya matumizi ya waandishi wa maktaba hiyo. Y: "mwaka wa wiki". Basi! Mfano waliouweka ni tarehe ya mwezi wa saba, ambapo herufi zote mbili zinatoa jibu lile lile! Mfano usioonyesha tofauti unamfundisha msomaji kwamba tofauti haipo. Wangeweka 29 Desemba 2025 na majibu mawili pembeni, hata mwanafunzi wa field angeelewa.

Na msituambie ni uzembe wa watumiaji. Kwenye strftime (amri ya kuandika tarehe kwenye lugha nyingi za programu), %Y ni mwaka wa kalenda, wa wiki ni %G. Lugha ya PHP, Y ni kalenda, wa wiki ni o. Hifadhidata ya PostgreSQL, YYYY ni kalenda, wa wiki ni IYYY. Mtu anatoka huko kote anakuta hapa mambo yamegeuzwa, na hakuna onyo hata la mstari mmoja. Hawasemi hata kwamba mwaka wa wiki unatakiwa uende na namba ya wiki, si na mwezi na siku.

Kibaya zaidi, jibu linafuata mipangilio ya nchi. Seva ikiwekwa mipangilio ya Marekani, wiki inaanza Jumapili na wiki yenye 1 Januari ndiyo ya kwanza, kwa hiyo hata tarehe 28 inatoka 2026. Kodi (code) ile ile, seva mbili, majibu mawili. Hilo nalo kimya.

Mwisho wa 2023 kwa ISO hakuna kilichoharibika, kwa sababu 1 Januari 2024 iliangukia Jumatatu. Kuna miaka kosa hili halijitokezi, ndiyo maana linapita majaribio.

Tumewaandikia, wametujibu "inafanya kazi ilivyokusudiwa" na kufunga hoja. Nitaifungua tena, nikiwa na maandishi mapya na mifano ya tarehe za mpakani. Wenye akaunti huko kwao naombeni mje muunge mkono. Na wenye mifumo ya hoteli, SACCOS au ada za shule, tafuteni YYYY kwenye kodi zenu leo: 1 Januari 2027 ni Ijumaa, kwa ISO itachapwa 1 Januari 2026.